Chupa Isiyoonjwa

Ildephonse Bizimana alikuwa mtu wa kujiamini, na wala hakuona haya. Ukimletea kitabu kilichoachana kurasa, kilicholiwa na mende kikalowa na mvua juu yake, alikipokea kwa mkono mmoja, akakigeuza, akanusa gundi ya zamani, kisha akasema, "Huyu atapona." Alisema *huyu*, kama daktari. Ufundi wa kujalidi vitabu aliupata Bujumbura kwenye kiwanda cha uchapaji cha mapadri, akiwa na miaka kumi na saba, na vita vilipomtoa nyumbani akatoka nao. Alikaa kambini Tanzania, akapita Msumbiji juu ya lori la mahindi, akaingia Durban na sindano mbili za kushonea karatasi ndani ya soksi. Miaka mitatu alilinda magari ya watu ufukweni akiwa amevaa kizibao cha rangi ya chungwa. Ukimuuliza habari za miaka ile alikujibu kwamba hata magari nayo yalipona.

Mhindi mmoja mwenye karakana ndogo ya kujalidi kule Pinetown alimpa jaribio la siku moja. Akautazama mshono wake, akauvuta, akauvuta tena kwa nguvu, akamwambia arudi Jumatatu. Ildephonse hakuondoka tena.

Mwaka 2008 karakana ikapata kazi ya mahakama: vitabu vikubwa vyeusi, vingine vya zaidi ya miaka mia, vya kuandikia uchunguzi wa vifo. Nchi ile ina sheria hiyo. Mtu akifa kifo kisichokuwa cha ugonjwa unaojulikana, hakimu lazima aulize: huyu ni nani, amekufa lini, amekufa kwa sababu gani, na je, kuna mtu aliyesababisha? Majibu yanaandikwa. Kazi ya Ildephonse ilikuwa kushona tu, hakuajiriwa kusoma. Lakini jamani, nani atashona kitabu cha wafu miezi minane asichungulie?

Alichungulia, na aliyoyaona yakamkaa moyoni. Mwenye shamba ameanguka na farasi: kurasa sita. Daktari amesema, mke amesema, jirani amesema, mpaka rangi ya farasi imeandikwa. Ukifungua ukurasa wa pili unakuta mstari mmoja: mwanaume, mpakuaji mizigo bandarini, jina halijulikani, amekufa kwa kudra ya Mungu. Basi, kwisha. Chini yake mwingine, wa shamba la miwa: homa, inadhaniwa. Inadhaniwa na nani? Haikuandikwa. Ildephonse akagundua kanuni ya vitabu vile bila kufundishwa na mtu. Palipokuwa na mtu wa kuja kuuliza, maiti alipata kurasa. Pasipokuwa na wa kuuliza, alipata mstari.

Habari hizo alizipeleka nyumbani kila jioni, na msikilizaji wake mkubwa, ukimwacha Spès mkewe, alikuwa Séverin. Huyu na Ildephonse walitoka mtaa mmoja Bujumbura, wakakutana tena Durban kwenye foleni ya vibali vya ukimbizi, na tangu hapo wakawa watu wa kutaniana na kugombana wiki nzima na kupatana Jumapili. Séverin alikuwa askari wa ghala moja Mobeni. Aliposikia habari za mstari mmoja alicheka sana, akasema yeye akifa wamwandikie kurasa nne, tatu za maisha yake na moja ya madeni ya Ildephonse ya karata. Mzaha tu. Watu wawili wenye afya zao wanakula maharage, nani angefikiria?

Sasa tufike kwenye ile Jumapili.

Ilikuwa Julai 2009. Ildephonse na Spès walikuwa wamebatiza mtoto wao wa mwisho, Ciza, na nyuma ya nyumba yao watu walijaa: wimbo, mishikaki ya mbuzi, kreti za bia. Na hapa lazima nieleze jambo moja. Kwa watu wa Burundi, mwenye nyumba hakupi kinywaji hivi hivi. Anafungua chupa mbele ya macho yako, anaonja kidogo yeye mwenyewe, ndipo anakupa. Ni adabu ya zamani, na maana yake kila mtu anaijua hata kama haisemwi: nimeinywa, sijakuwekea kitu. Mtoto mdogo anaijua. Ildephonse aliijua kuliko wote, maana ndiye aliyependa kuwasema vijana kwamba Durban imewatoa adabu.

Siku ile taya lake lilikuwa limevimba upande mmoja. Jino. Daktari alikuwa amempa dawa ya Flagyl na kumwonya asiguse pombe hata tone. Mtu mwingine angemwambia shemeji au jirani, wewe nionjee. Ildephonse akaona kuna haja gani, hawa wote ni watu wangu. Kifungulio kilikuwa kimefungwa kwa kamba jikoni, basi akazifungulia chupa jikoni, akazipanga kwenye sinia, akatoka nazo zikitoa povu. Ya kwanza akampa Séverin. Wiki mbili nyuma wawili hao walikuwa wamezozana hadharani kwenye mkutano wa chama cha kusaidiana misibani, ambacho Ildephonse alikuwa katibu wake, na kwa kumpa chupa ya kwanza alitaka watu waone kwamba yamekwisha. Waliona. Ila walichoona si hicho.

Jioni upepo wa kusi ukaanza na manyunyu. Watu wakaondoka kila mmoja na kifurushi chake: huyu nyama, huyu wali. Annick, mke wa Séverin, akasema mumewe anaingia zamu na kibanda chao ni cha bati, baridi inamla, yale makaa yaliyobaki kwenye gunia si wampe. Akapewa. Séverin akaondoka akiwa na sare yake na mzigo wake, amemaliza chupa yake, anaimba.

Asubuhi alikutwa amekaa kwenye kiti chake ndani ya kibanda, amekufa. Hakuwa na jeraha wala damu, na hakuna kitu kilichovunjwa. Polisi walikuja, gari la maiti likaja, na kwenye karatasi ya kwanza pale panapoandikwa sababu ya kifo wakaandika kwamba bado haijajulikana.

Haijajulikana! Mpe mfiwa neno hilo uone atakavyolijaza mwenyewe. Msibani watu walianza kuhesabu: alikula nini, alikunywa nini, alipewa na nani. Ikafika kwenye chupa. Annick alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, sauti imemkauka kwa kulia, na alisema bila kuinua kichwa kwamba chupa ya mume wake ilitoka jikoni imefunguliwa na aliyeileta hakuionja. Hayo yalitosha. Ildephonse alikuwepo pale pale, taya limefungwa kitambaa.

Baada ya hapo dunia ikampa mgongo. Wageni walioingia kwake walikataa chai. Ghafla kila mtu alikuwa ametoka kunywa. Wanawake waliokuwa wakimwachia Spès watoto wakapata sehemu nyingine ya kuwaacha. Kanisani benchi lao likawa na nafasi. Chama kikatuma wazee wawili, wenye heshima zao, kuja kuchukua kitabu cha katibu, kile ambacho Ildephonse alikishona mwenyewe kwa ngozi halisi na herufi za dhahabu. Alikitoa. Aliwaambia wasikiweke karibu na dirisha, jua litakikausha. Walipoondoka alikaa kitandani akalia, na Spès alimwacha alie mpaka akamaliza. Alichokuwa anapigania tangu siku hiyo kilikuwa kimoja: asizeeke na kuzikwa akiitwa mlozi aliyemuua rafiki yake kwa sumu. Mahali pekee duniani palipokuwa na jibu ni kwenye damu ya Séverin, iliyokuwa ndani ya kichupa kwenye maabara ya serikali.

Hakukaa kusubiri. Mwezi wa kumi na moja alivaa koti, akaenda mahakamani kwenye ofisi ya uchunguzi wa vifo. Alijua njia, si alishona vitabu vyao. Karani akamtafutia jalada, akamwelezea waziwazi. Maabara zina foleni ya miaka. Kesi za namna hii, pasipo mtu wa kufuatilia, hakimu anasoma karatasi ofisini kwake, anaandika sababu haikujulikana, jalada linafungwa. Hili la Séverin lilikuwa tayari kwenye rafu ya kwenda kufungwa hivyo. Ildephonse akasema yeye anafuatilia. Karani akamuuliza ni nani wa marehemu. Rafiki? Hapana, rafiki hana neno hapa. Alete mke.

Eish. Alete mke!

Alitoka pale akasimama kwenye robot, zile taa za barabarani, mpaka zikabadilika mara nne hajavuka. Kichwani alikuwa ameuona ule mstari. Aliuona kabisa, kwa wino: askari, Mobeni, haikujulikana. Miaka mia mbele fundi mwingine angekuja kushona kitabu kile na kuupita. Hasira aliyoisikia ndiyo iliyomvusha barabara, na ikampeleka moja kwa moja saluni alikokuwa akifanya kazi Annick.

Annick alikuwa anasuka mteja. Alipomwona mlangoni, vidole vilisimama. Saluni nzima ikageuka, maana wote walikuwa watu wa nyumbani. Ildephonse hakuomba msamaha wala hakujitetea. Alimwelezea habari za karani na rafu, mpaka mwisho, kisha akasema:

"Shemeji, wewe unataka damu ya Séverin iseme nilimuua. Mimi nataka iseme sikumuua. Damu ni ile ile. Twende tukaiulize."

Annick alimtazama, kisha akarudisha vidole kwenye kichwa cha mteja wake. Nusu kilikuwa kimesukwa, nusu kimesimama.

"Nitaenda," alisema Annick. "Lakini usije ukanipa hata maji."

Basi ndivyo walivyoanza safari ile, watu wawili wasioaminiana, karibu miaka miwili. Asubuhi ya siku ya mahakama walikutana mlangoni, huyu kwa taxi yake na yule kwa yake. Ildephonse alikuja na chupa ya chai ya moto aliyotengenezewa na Spès. Annick alikuja na maji yake kutoka nyumbani na kuyaweka katikati ya miguu, kana kwamba yangeweza kutembea. Walikaa kwenye benchi moja la mbao, kila mmoja mwisho wake. Ildephonse alimimina chai kwenye kifuniko akanywa peke yake, na kila mara harufu ya tangawizi ilijaa ukumbi mzima, na kila mara Annick aligeuza uso ukutani.

Ildephonse alimfundisha Annick kila kitu alichojua. Kwamba aombe kwa maandishi majibu ya damu yasubiriwe. Kwamba aombe kikao cha wazi, mashahidi waitwe, isiwe kesi ya kusomwa ofisini. Kwamba kila karatasi igongwe muhuri na yeye abaki na nakala. Barua aliandika yeye kwa mwandiko wake mzuri, Annick akatia sahihi, ila kila mara alimpelekea kwanza mtu wa saluni anayejua Kiingereza amsomee, asije akawa ametia sahihi kitu kingine. Ildephonse hakuchukia. Alisema yeye angefanya vivyo hivyo, na safari moja akamwonyesha mwenyewe kosa la tarehe ambalo yule msomaji hakuliona.

Mwaka 2010 mpira wa dunia ulikuja, mji ukajaa vuvuzela, karani akawaambia warudi mpira ukiisha. Walirudi. Karani akaenda likizo ya uzazi, jalada likapotea mwezi mzima. Ildephonse akamwelezea karani mpya lilivyo, unene wake na rangi ya kamba yake, mpaka likaonekana. Siku moja, katika kungoja, alimkumbusha Annick jinsi Séverin alivyoimba vibaya, na Annick akacheka. Alicheka kwa sauti, kisha akaufunga mdomo kwa mkono, macho yakajaa, akageuza uso ukutani.

Julai 2011 majibu ya maabara yakafika, yakiwa yamefungwa ndani ya bahasha, ya kufunguliwa na hakimu. Kikao kikapangwa Agosti.

Siku hiyo Ildephonse alinyoa, akavaa koti, akamwambia Spès kwamba leo anarudi na jina lake. Alikuwa na uhakika kabisa. Chumba kilikuwa kidogo na kilijaa, maana habari zilienea na nusu ya chama walikuwa wamekuja, mwenyekiti akiwa mstari wa mbele. Hakimu alikuwa mama mwenye miwani ya kamba. Mkalimani, kijana wa Bukavu, alisimama pembeni akikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili cha kwetu.

Shahidi wa kwanza aliyeitwa alikuwa askari Mzulu wa ghala lile aliyemkuta Séverin asubuhi ile. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alisema kibanda kilikuwa kimefungwa mlango na dirisha, na alipofungua, joto na harufu vilimpiga usoni. Ndani palikuwa na ndoo yenye makaa, mengine bado mekundu. Moto ulikatazwa mle ndani. Msimamizi wake alimwambia aitoe ndoo na kuiosha kabla polisi hawajafika, akaitoa. Hakuulizwa na mtu tangu siku hiyo, na jambo hilo lilikuwa linamnyima usingizi. Hakimu akamuuliza ndoo ilikuwaje. Ya bati, ya kuwekea rangi ya kupaka nyumba, alijibu, nyeupe, ukingoni imeganda gundi.

Mkalimani alipofika kwenye gundi, Ildephonse aliitazama mikono yake. Gundi ya ukingoni aliijua. Ilikuwa ya ngano na ya mfupa, aliikoroga mwenyewe kila Jumamosi ndani ya ndoo ile ile, mpaka jioni moja ya mvua alipoikung'uta, akamimina makaa, na kumpa rafiki yake ajipashe joto. Mambo yote ya siku ile alikuwa ameyapitia mara elfu: chupa, sinia, jikoni, kifungulio. Ndoo hakuiwaza hata mara moja.

Hakimu akafungua bahasha na kuisoma. Damu ya marehemu ilikuwa imejaa gesi ya makaa, kiasi kisichomwacha mtu hai. Kitu kingine walichokitafuta hawakukiona. Bia ilikuwepo, kidogo, bia tupu. Kisha akasema uamuzi wake polepole, ukiandikwa: jina kamili la marehemu, baba yake, mahali alipozaliwa, tarehe. Sababu ya kifo, gesi ya makaa ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Kuhusu waliomweka mtu kwenye bati bila njia ya kujipasha joto, na msimamizi aliyeficha ndoo, alisema jalada litaenda kwa mwendesha mashtaka. Kurasa ziligongwa mihuri. Zilikuwa nne.

Watu wakasimama. Mwenyekiti wa chama akaja na mkono mbele, macho yamelowa, akisema kitabu kinamsubiri, wamekitunza mbali na dirisha. Wengine wakampiga mabega. Ildephonse alishika mikono ile yote na kushukuru, na hakuna aliyeona kwamba alikuwa anatafuta mlango.

Alimkuta Annick nje, kwenye benchi lao, ameshika karatasi zake. Safari hii hakukaa mwisho. Angeweza kunyamaza, na ninataka hilo lieleweke. Karatasi ilikuwa imemsafisha, na neno la ndoo ni nani mle ndani angelifuatilia? Lakini alikuwa amewahangaisha makarani miaka miwili yote akidai jambo liandikwe kama lilivyokuwa.

"Shemeji," alisema, "ile ndoo ni yangu. Makaa yalitoka kwangu. Niliyamimina mimi."

Annick hakugeuka.

"Najua, Baba Ciza. Mimi ndiye niliyekuomba umpe."

Alisema alilijua tangu mle ndani, pale askari alipotaja ndoo. Kabla ya hapo aliamini Séverin aliuwasha moto nje. Alisema alimwona mumewe akitoka nayo, akafurahi kwamba leo hataganda. Kisha hakuweza kuendelea, akalia, na Ildephonse akalia, watu wazima wawili kwenye benchi la serikali mchana kweupe, na waliopita wakadhani wamefiwa jana.

Walipotulia, Ildephonse aliifungua chupa ya chai kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Akamimina kwenye kifuniko, mvuke wa tangawizi ukapanda, na safari hii akakumbuka adabu. Akakiinua kwanza mdomoni mwake, aonje, ndipo ampe.

Annick akanyoosha mkono akakishika kifuniko kabla hakijamfika mdomoni.

"Lete tu," alisema.

Akanywa yote mpaka chini. Kisha akarudisha kifuniko, akamwambia amimine nyingine, anywe yeye mwenyewe.